Kalamu ya Walioshindwa

Mtumwa mmoja wa Kaisari aliporwa mizigo yake njiani, karibu na Beth-horoni, si mbali na Yerusalemu. Liwali wa Kirumi, Ventidius Cumanus, aliyeitawala Uyahudi kati ya mwaka 48 na 52 BK, aliwaona wanavijiji wa jirani kuwa na hatia kwa sababu hawakuwafukuza wanyang'anyi, akatuma askari wakawaadhibu. Katika purukushani hiyo askari mmoja alikuta gombo la Torati kijijini. Akalichana, akalitupa motoni.

Vijiji vilikuwa vimevamiwa na watu wamefungwa kamba, na hayo wenyeji waliyameza kama walivyozoea kumeza. La gombo halikumezeka. Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi ambaye wakati huo alikuwa bado kijana mdogo, anasimulia jinsi watu walivyomiminika kutoka kila upande mpaka Kaisaria, mji wa pwani alikokaa liwali, wakidai mtu yule asiachwe hivi hivi. Cumanus alipiga hesabu zake. Akaamuru askari apitishwe katikati ya waliomshtaki, kisha akatwe kichwa.

Kisa hiki kimenikaa kichwani kwa muda mrefu. Roma haikuwa na desturi ya kumuua askari wake kwa sababu ya mali ya watawaliwa. Ardhi yao, fedha zao, hata makuhani wakuu wao iliwachezea itakavyo. Iweje basi ngozi ya mnyama iliyoandikwa wino, iliyokutwa katika kijiji ambacho jina lake halikutunzwa, iwe na thamani ya kichwa cha mwanajeshi?

Wengi hujibu haraka kwamba ni dini, watu wakali kwa dini yao. Jibu hilo halinitoshi. Mataifa yote ya zamani yalikuwa makali kwa dini zao, yakawa na mahekalu, sanamu, makuhani na sikukuu. Wamoabu walikuwa na Kemoshi, Waamoni na Milkomu, Wafilisti na Dagoni. Wako wapi? Waliposhindwa na wafalme wa Ashuru na Babeli, waliendelea kuishi vizazi kadhaa, wakaoana na jirani zao, na taratibu majina yao yakafutika bila mtu kugundua siku yalipofutika. Watu wa Yuda nao walipigwa, tena walipigwa vibaya. Tofauti yao naiona katika jambo moja: hawakumwachia aliyewapiga kazi ya kueleza kwa nini wamepigwa. Kazi hiyo waliifanya wenyewe, kwa maandishi, na wakaendelea kuinakili hata pale ambapo hapakuwa na mfalme wa kuwalipa waandishi.

Tukumbuke kwanza mantiki ya zama zile. Vita vya watu vilikuwa pia vita vya miungu. Mji ukianguka, mungu wake ameanguka, na sanamu yake hubebwa mateka pamoja na wanawake na ng'ombe. Nebukadneza, mfalme wa Babeli, alipoichoma Yerusalemu na hekalu lake, mwaka 587 au 586 KK, mtu yeyote mwenye akili timamu mjini Babeli angesema Marduku amemshinda Mungu wa Yuda, basi. Manabii na waandishi wa Yuda walisema kinyume chake: Mungu wetu hakushindwa, ndiye aliyewaleta Wababeli, kwa sababu ya maovu yetu. Nebukadneza ni fimbo tu, na fimbo haina la kujivunia.

Niseme ukweli, wazo hilo halikuwa lao peke yao. Kuna jiwe lililogunduliwa Dhiban, Yordani ya leo, mwaka 1868, ambalo Mesha, mfalme wa Moabu, aliliandikisha katika karne ya tisa KK. Humo anasema Israeli iliwatesa Wamoabu kwa sababu Kemoshi aliikasirikia nchi yake. Ni hoja ile ile ya nabii Yeremia. Lakini Mesha aliiandika akiwa ameshashinda, amekomboa miji yake, akisifu ushindi wake jiweni, na kukumbuka hasira ya mungu wako ukiwa umeshiba ni rahisi. Watu wa Yuda waliandika ya kwao jivu likiwa bado la moto. Tena hawakuandika jiweni, maana jiwe hukaa lilipo. Gombo hubebwa.

Na walikuwa na somo lililo karibu. Ndugu zao wa kaskazini, ufalme wa Israeli uliokuwa na makao Samaria, waliangushwa na Waashuru mwaka 722 KK au baada yake kidogo. Mfalme Sargoni alijigamba katika maandishi yake kwamba alihamisha watu zaidi ya 27,000 kutoka mji huo. Waliohamishwa hawakurudi wakiwa jamii. Hawa ndio makabila kumi yaliyopotea, ambayo mpaka leo kila baada ya miaka michache hutokea mtu akadai ameyapata. Ila waliobaki kuuzunguka mlima Gerizimu walishika vitabu vitano vya Musa, na kizazi chao, Wasamaria, kipo hadi leo, watu mia kadhaa tu, bado wanasherehekea Pasaka mlimani. Palipobaki kitabu, pamebaki watu. Sisemi hiyo ni kanuni, lakini ni vigumu kuipita bila kuitazama.

Maisha ya uhamishoni kwenyewe hayakuwa kama wengi tunavyoyawaza, watu wamekaa kando ya maji wanalia mchana kutwa. Katika magofu ya Babeli vilipatikana vibao vya udongo vya ghala la mfalme, daftari za kugawa posho. Kimoja, cha mwaka 592 KK hivi, kinaorodhesha mafuta aliyopewa Yehoyakini, mfalme wa Yuda, pamoja na wanawe watano. Huyu ndiye aliyechukuliwa mateka mwaka 597 KK akiwa na umri wa miaka 18. Kwa karani wa Babeli, mfalme wa ukoo wa Daudi ni mstari mmoja kati ya mistari, vibaba vya mafuta, tuendelee na mwingine. Ukifungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, mtu huyo huyo ndiye anayeufunga ukurasa wa mwisho: anatolewa gerezani, anabadilishiwa mavazi, anaketi kula mezani pa mfalme siku zote za maisha yake. Kwa karani ni posho. Kwa mwandishi wa Yuda ni taa ambayo haijazimika. Karani na mwandishi wanamtazama mtu yule yule na mafuta yale yale.

Vibao vingine, takriban mia mbili, vimechapishwa na wataalamu katika miaka ya karibuni, hasa mwaka 2014. Vinatoka vijijini, kimoja kikiitwa Al-Yahudu, yaani mji wa Yuda, huko huko Babeli. Cha zamani zaidi ni cha mwaka 572 KK, miaka kama 15 tu baada ya hekalu kuungua. Ndani yake hamna zaburi wala kilio. Mna shayiri, tende, kodi, madeni, mikataba ya mashamba, mashahidi na mihuri. Yeremia aliwaandikia wahamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, na wautakie heri mji walimo. Vibao hivi vinaonyesha walimtii, au kwamba alikuwa anaelewa watu wenye njaa watafanya nini hata bila barua yake.

Jambo linalonivutia zaidi humo ni majina. Yupo mtu ambaye katika hati moja anaitwa Bel-shar-usur, maana yake Beli amlinde mfalme. Katika hati nyingine mtu yule yule anaitwa Yahu-shar-usur, Yahu amlinde mfalme. Amebadilisha mungu, mfalme kamwacha pale pale. Hata kiongozi wa waliorudi Yerusalemu, mjukuu wa Yehoyakini, aliitwa Zerubabeli, mbegu ya Babeli. Watu hawa hawakuwa wamejifungia chumbani na vitabu vyao. Walikuwa wanaiga, wanapatana bei, wanaitikia majina mawili, kama watu wote wanaoishi chini ya serikali ya wengine. Utambulisho wao haukutokana na kukataa kuguswa na wageni. Ulitokana na yale waliyoyafanyia yale waliyoyaokota kwa wageni.

Hapa ndipo penye utamu, nami naomba msomaji tukae kidogo.

Mwaka 672 KK Esar-hadoni, mfalme wa Ashuru, aliwaapisha vibaraka wake wote kwamba atakapokufa watamtii mwanawe Ashurbanipal. Nakala za kiapo hicho zilichimbuliwa Nimrud, Iraki, mwaka 1955, na nyingine ikapatikana mwaka 2009 huko Tell Tayinat, kusini mwa Uturuki, ndani ya hekalu. Kiapo kinawataka watawaliwa wampende Ashurbanipal kama nafsi zao. Kinawataka wamfichue yeyote atakayenong'ona maneno ya uasi, hata akiwa ndugu, mtoto wa kiume au wa kike. Kisha kinamwaga laana, ukurasa baada ya ukurasa: ukoma, upofu, maiti kuliwa na ndege, mbingu kuwa shaba na ardhi kuwa chuma.

Aliyewahi kusoma Kumbukumbu la Torati ameshaanza kutikisa kichwa. Mpende Bwana Mungu wako kwa moyo wako wote. Ndugu yako, mwanao au mkeo akikunong'oneza mwende kuabudu miungu mingine, usimfiche. Na sura ya 28 yenye laana zake, mbingu ya shaba na nchi ya chuma zikiwemo. Manase, mfalme wa Yuda, anatajwa katika maandishi ya Esar-hadoni kati ya wafalme waliolazimishwa kupeleka mbao na mawe Ninawi. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba kiapo kile kilisomwa Yerusalemu pia, na mimi naona wana haki. Ikiwa ndivyo, mwandishi fulani wa Yuda alichukua karatasi ya utumwa ya taifa lake, akaifuta jina la mfalme wa Ashuru, na mahali pake akamweka Mungu. Hati iliyoandikwa ili kuwafunga ikawa hati ya kuwafungua: kama utii wetu wote, upendo wetu wote na hofu yetu yote vimeshaapiwa kwingine, mfalme wa Ninawi amebakiwa na kodi tu. Kodi atapewa. Moyo umeshawekwa rehani kwa mwingine.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunaweza kuionja hila hiyo bila kwenda mbali. Katika Biblia ya Union Version, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1950 nchi zetu zikiwa bado chini ya Waingereza, jina la Mungu wa Israeli limeandikwa BWANA, kwa herufi kubwa. Neno hilo hilo, kwa herufi ndogo, mpishi na mtunza bustani walilitumia kila asubuhi kumwamkia Mzungu mwenye nyumba. Sijui kama watafsiri walilifikiria. Nadhani wapishi walilifikiria.

Mwanzo sura ya kwanza nayo ina hila ya namna hiyo, ingawa imetulia zaidi. Wababeli walisimulia kwamba binadamu waliumbwa kwa damu ya mungu mwasi, ili wafanye kazi na miungu ipumzike. Mfalme peke yake ndiye aliyesifiwa kuwa mfano wa mungu. Simulizi ya Mwanzo inampa cheo hicho kila mtu, mwanamume na mwanamke, inamwekea siku ya mapumziko, na jua na mwezi, miungu wakubwa wa Babeli, inaviita taa mbili bila hata kuvitaja kwa jina. Mhamishwa aliyesikia hayo kisha akatoka nje na kuona minara ya Marduku hakuhitaji kufafanuliwa.

Ili tuone kitabu kilifanya nini, afadhali tuwatazame ndugu zao ambao hawakuwa nacho. Kusini kabisa mwa Misri, kwenye kisiwa cha Elephantine karibu na Aswan, katika karne ya tano KK waliishi askari wa Kiyahudi na familia zao, wakiwalindia Waajemi mpaka. Mafunjo yao yamehifadhika vizuri ajabu: hati za nyumba, mikopo, ndoa, talaka, barua za malalamiko. Walikuwa na hekalu lao la Yahu, lenye dhabihu na uvumba, jambo ambalo Kumbukumbu la Torati linalikataza nje ya mahali pamoja pateule. Ama hawakujua ama hawakujali. Orodha yao moja ya michango inataja fedha za Yahu, halafu bila wasiwasi wowote inataja fedha za Anat-betheli na Eshem-betheli.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Elephantine walikuwa na daftari la mali lisilo na doa. Daftari la watu ndilo walilokosa. Katika mafunjo yote yaliyopatikana kisiwani hamna hata kipande kimoja cha Torati. Vitabu vya kusoma vilivyokutwa ni viwili: hadithi ya Ahikari, mshauri mwenye hekima katika ikulu ya Ashuru, na nakala ya Kiaramu ya maandishi ya Mfalme Dario anayojisifia jinsi alivyowaponda waasi. Yaani maktaba yao ilikuwa ya dola. Mwaka 410 KK makuhani wa mungu Khnumu, wakishirikiana na mkuu wa Kiajemi wa mahali pale, walilibomoa hekalu lao. Mwaka 407 KK waliandika barua ya kusikitisha kwa liwali wa Uyahudi, wakieleza jinsi walivyovaa magunia na kufunga, wakiomba ruhusa ya kujenga upya. Muda mfupi baadaye Misri iliwaasi Waajemi, na karibu na mwaka 399 KK hati zao zinakoma. Hatusikii habari zao tena. Walikuwa na hekalu na mshahara, na aliyewalipa alipoondoka, waliondoka naye.

Wahamishwa wa Babeli hawakuwa na hekalu. Kilichowaunganisha ni mambo yaliyoweza kufanyika popote: Sabato, tohara, chakula, na kusimuliana habari za babu zao waliokuwa watumwa Misri wakatolewa. Watu ambao hadithi yao ya mwanzo kabisa ni ya utumwa hawastaajabu wakijikuta utumwani. Wameshazoea kusema, hapa tulishapita.

Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli mwaka 539 KK na kuwaruhusu warudi. Kuna silinda ya udongo yenye tangazo lake, iliyochimbuliwa mwaka 1879 na sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, ambamo anajisifu kuwa Marduku ndiye aliyemchagua, na kwamba amerudisha miungu ya miji mbalimbali makwao. Yuda haitajwi. Kitabu cha Isaya kinamwita Koreshi huyo huyo masihi, mpakwa mafuta wa Mungu wa Israeli, ambaye hata hakumjua Mungu huyo. Ujasiri ulioje! Mfalme wa dunia anadai ametumwa na Marduku, na mkimbizi asiye na hata mji anamwambia hapana, umetumwa na wa kwetu, ila hukuambiwa.

Na sasa tufike Lango la Maji, Yerusalemu. Waliosali makanisani kwetu wanaijua Nehemia sura ya nane kwa sababu nyingine: ndiyo sura inayomtoa jasho msomaji, na majina yake ya Matithia, Shema, Anaya na wenzao, 13 waliosimama na Ezra na wengine 13 waliofafanua. Nilipokuwa mdogo tulicheka. Sasa nikiyasoma naona ndiyo moyo wa habari. Ezra, mwandishi aliyetoka Babeli, alisimama juu ya jukwaa la mbao uwanjani, si hekaluni, akasoma Torati tangu mapambazuko hadi adhuhuri mbele ya wanaume, wanawake na kila aliyeweza kuelewa. Walawi walipita kati ya watu wakifafanua maana. Wengi walishakuwa wasemaji wa Kiaramu, lugha ya ofisi za dola, na mapokeo ya Kiyahudi yanapaona hapo kuwa chimbuko la tafsiri. Katika nchi zile sheria ilikuwa mali ya mfalme na maandiko matakatifu yalikuwa mali ya makuhani, yakifungiwa ndani. Hapa kitabu kimetolewa nje, kimefunguliwa juani, na fundi na mke wa mfinyanzi wanaelezwa maana yake. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kukiteka kwa kumteka mtu mmoja.

Nikisema hivyo ni lazima niseme na lingine, maana wahubiri wetu huliruka. Kitabu kilichowakusanya kilitumika pia kuwatenga. Ezra alikuja na barua ya Artashasta, mfalme wa Uajemi, iliyompa mamlaka ya kuadhibu, hata kwa kifo, kila asiyeishika sheria ya Mungu na sheria ya mfalme. Zimewekwa pamoja, sheria mbili kwenye mhuri mmoja. Waajemi walipenda majimbo yao yawe na sheria iliyoandikwa, na liwali hufurahi anapojua amwulize nani. Kwa hiyo kitabu kilicholilinda taifa dhidi ya dola kilisimamishwa kwa fimbo ya dola hiyo hiyo. Na fimbo ilitumika: wanaume waliooa wanawake wa mataifa mengine walitakiwa kuwafukuza wake hao pamoja na watoto, na orodha ya majina yao imo katika Ezra sura ya kumi, ambamo walikusanywa chini ya mvua. Nehemia mwenyewe anakiri, kama vile anajisifu, kwamba aliwalaani wengine, akawapiga na kuwang'oa nywele, kwa sababu nusu ya watoto wao walisema Kiashdodi wala hawakujua Kiyahudi.

Sioni njia ya kuupamba ukatili huo. Mama aliyefukuzwa na mtoto mgongoni kwa sababu ya kifungu cha kitabu hakuonja utukufu wowote wa utambulisho wa jamii. Wanaosema watu wanaotawaliwa lazima wajilinde wana hoja, lakini mbona aliyelipa ni asiye na nguvu kuliko wote? Hata hivyo maktaba ile ile iliacha pia mahali pa kujibishana. Ndani yake mmewekwa kitabu cha Ruthu, mwanamke wa Moabu, taifa ambalo sheria ililizuia kuingia katika kusanyiko, na mwishoni mwa hadithi tunaambiwa ndiye mama wa babu yake Daudi. Hakuna aliyekifuta kimoja ili kingine kibaki. Wasomaji waliachiwa vyote viwili, wagombane wenyewe, na wamegombana mpaka leo.

Kuweka ndani hata yanayouma ndiyo tabia ya maandiko haya ninayoiheshimu kuliko zote. Maandishi ya Esar-hadoni hayana kosa hata moja la Esar-hadoni. Haya ya Yuda yamejaa wafalme wazinzi, makuhani wala rushwa na manabii waliotupwa visimani. Hata mchoma kitabu wa kwanza hakuwa mgeni. Alikuwa mfalme wao, Yehoyakimu, aliyekuwa akiota moto majira ya baridi huku akisomewa gombo la Yeremia. Kila zilipokwisha kusomwa kurasa tatu nne alizikata kwa kijembe cha mwandishi na kuzitupa makaani. Yeremia akamwita mwandishi wake Baruku, akamsomea yote upya kwa mdomo, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Askari wa Cumanus angelijua hilo asingejisumbua.

Wagiriki nitawapita upesi. Aleksandria iliwapa Wayahudi tafsiri ya Torati kwa Kigiriki katika karne ya tatu KK, na kwayo kitabu kilianza kuishi kwa watu wasiojua Kiebrania hata neno. Kisha mfalme wao Antioko wa Nne akafanya ambalo hakuna dola iliyowatawala iliyowahi kulifanya: mwaka 167 KK alilinajisi hekalu na kuamuru Torati zichanwe na kuchomwa, na aliyekutwa nazo auawe. Habari hizo zimo katika Wamakabayo, ambao Wakatoliki wanao katika Biblia yao. Alikuwa ameelewa mamlaka yalipo, ila alichelewa. Nakala zilishazidi mikono ya askari wake. Wataalamu wengi wanakiweka kitabu cha Danieli, kwa umbo lake la sasa, katika miaka hiyo hiyo: vijana wanne ikulu Babeli, wamebadilishwa majina, wanakataa chakula cha mfalme. Kinamsema Nebukadneza, kinamlenga Antioko. Watu wa pwani yetu wanaouvaa ujumbe kwenye kanga na kupita nao mbele ya jirani hawatahitaji profesa wa kuwaeleza jinsi hilo linavyofanya kazi.

Turudi basi kwa Warumi. Kabla ya mwaka 70 BK palikuwa na sinagogi Yerusalemu, si mbali na hekalu, iliyojengwa na kuhani aitwaye Theodoto. Jiwe lake lenye maandishi ya Kigiriki lilipatikana kati ya mwaka 1913 na 1914. Linaeleza jengo ni la nini: kusoma Torati, kufundisha amri, na kuwalaza wageni wenye shida. Dhabihu haitajwi. Hekalu likiwa bado limesimama na moshi wake unaonekana, tayari watu walikuwa wamejizoeza maisha yasiyolihitaji. Jemadari wa Kirumi, Titus, alipolichoma mwaka 70, aliwavunja moyo kwa namna ambayo hatuwezi kuipima, lakini mazoezi yalikuwa yameshafanyika miaka 600.

Josephus aliyashuhudia maandamano ya ushindi mjini Roma. Anasimulia nyara zilizopitishwa: meza ya dhahabu, kinara cha taa, na mwisho kabisa, nyuma ya yote, nakala ya Torati ya Wayahudi. Kaisari Vespasian alijenga Hekalu la Amani na kuviweka humo vyombo vya dhahabu, watu wavitazame. Gombo na mapazia ya zambarau hakuviweka humo. Aliamuru vifungiwe ndani ya ikulu yake.

Ng'ambo ya mto Tiber, katika mji huo huo, walikuwepo Wayahudi tangu zamani, wengi wao wana wa mateka waliokombolewa utumwani. Philo wa Aleksandria, aliyekwenda Roma kuwatetea watu wake mbele ya Kaisari Gaio, anataja nyumba zao za sala na jinsi walivyokusanyika humo kila Sabato kusomewa. Ikulu ilikuwa na gombo moja, chini ya kufuli.